Chanzo Kilijulikana, Tiba Haikuwapo: Maradhi ya Kila Siku katika Barua na Shajara za Wamarekani, 1900–1925

Mtu anayefungua kwa mara ya kwanza shajara ya mkulima wa Kansas au bunda la barua za familia ya Massachusetts za miaka ya 1900 hadi 1925 hushangazwa na jinsi ugonjwa unavyojitokeza karibu kila ukurasa, tena katika sentensi ileile inayotaja mvua, bei ya mahindi na nguo zilizofuliwa. Mtoto ameamka na homa. Jirani yuko kitandani siku ya tisa. Mama amechemsha mashuka. Daktari amekuja, ameondoka, na hakusema mengi. Msomaji wa leo huweza kudhani kwamba watu hawa walikuwa gizani na hawakujua lolote kuhusu vijidudu. Huweza pia kulichukua kila jina la ugonjwa na kila chupa ya dawa kana kwamba vimeandikwa juzi. Dhana zote mbili humpotosha, kwa sababu zinaficha hali ya pekee ya kipindi kile, ambayo ndiyo ufunguo wa nyaraka hizi zote: sayansi ilikuwa imekwisha kujua chanzo cha maradhi mengi, lakini ilikuwa bado haijapata namna ya kuyaponya.

Robert Koch alitangaza kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, na kabla ya mwaka 1900 wataalamu walikuwa wameshaona kwa hadubini visababishi vya kipindupindu, homa ya matumbo, dondakoo na nimonia. Daktari wa mji mdogo mwaka 1910 aliweza kumweleza mama, kwa usahihi mkubwa, kilichokuwa kikimmaliza mwanawe. Alichoweza kukitoa mkobani kilikuwa kidogo: kwinini kwa malaria, chanjo ya ndui, antitoksini ya dondakoo iliyoanza kutumika miaka ya 1890, mofini ya kutuliza maumivu, dawa ya dijitalisi kwa moyo, na kuanzia mwaka 1910 dawa ya kaswende iliyoitwa Salvarsan. Insulini ilifika mwaka 1922. Kwa nimonia, kifua kikuu na kuharisha kwa watoto, ambayo yalikuwa miongoni mwa maradhi yaliyoongoza kwa kuua katika Marekani ya mwaka 1900, mkoba huo haukuwa na kitu cha maana. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo alitarajiwa kuishi miaka 47 hivi kwa wastani, na wastani huo ulishushwa zaidi ya yote na watoto waliokufa kabla hawajatembea.

Palipokosekana tiba, kilichobaki ni uuguzi, na uuguzi ulikuwa kazi ya nyumbani. Chukua nimonia ya kawaida ya mtu mzima, jinsi inavyosomeka katika shajara nyingi. Siku ya kwanza mgonjwa ametetemeka kwa baridi. Siku ya pili ana kichomi ubavuni na makohozi yenye rangi ya kutu. Siku ya nne anaweweseka. Kuanzia hapo mwandishi anahesabu. Kila mtu alijua kwamba homa ya nimonia hupanda kwa siku kadhaa, kisha kati ya siku ya tano na ya kumi hufika kileleni, na usiku mmoja ama ikaanguka ghafla, mgonjwa akaloa jasho na kulala, ama moyo ukashindwa. Usiku huo walikesha watu wawili au zaidi. Walibadilisha bandiko la moto la unga wa mbegu za kitani kifuani kila lilipopoa, wakafungua dirisha ili hewa ipite, wakanywesha maziwa kwa kijiko na wakahesabu pumzi. Anayesoma ukurasa wenye maneno machache tu, kwamba fulani yuko siku ya saba na hali ni ileile, asiuone mkavu. Katika maneno hayo mna hofu yote ya nyumba nzima, na waliokuwa wakiisoma barua ile walielewa siku ya saba maana yake nini.

Kazi hii iliangukia wanawake karibu kila mara, na naona nyaraka hizi ndizo ushahidi mkubwa tulio nao wa jinsi ilivyokuwa nzito. Homa ya matumbo ilidai wiki tatu au nne za kuosha mashuka, kumwaga choo kwa uangalifu na kumlisha mgonjwa vyakula vya majimaji tu, huku ng'ombe wakisubiri kukamuliwa na watoto wengine wakisubiri kula. Daktari alifika mara chache, kwa sababu kila ziara ililipiwa, na wa mashambani walitozwa pia umbali wa safari. Madaftari ya hesabu ya madaktari yanaonyesha wengi walilipa kwa kuni, kuku au mahindi, na wengine hawakulipa kabisa.

Majina ya maradhi yanahitaji uangalifu. Wenye shajara waliandika walichokiona, kwa hiyo jina mara nyingi hutaja dalili, msimu au kiungo. Ugonjwa wa kiangazi wa watoto ulikuwa kuharisha kulikoletwa na maziwa yaliyoharibika kwa joto na maji machafu. Kulalamikia nyongo kuliweza kuwa chochote, kuanzia kichefuchefu hadi ugonjwa wa ini. Kuvimba tumbo ghafla kuliweza kuwa kidole tumbo kilichopasuka. Hata daktari alibadili jina kadiri siku zilivyopita, na ndiyo maana ukurasa mmoja hautoshi; lazima usome wiki nzima.

Mfano ulio wazi zaidi unatoka katika familia iliyokuwa na uwezo wa kuwaita madaktari bora. Mwezi Agosti mwaka 1921, Franklin D. Roosevelt, ambaye baadaye alikuwa rais, akiwa na umri wa miaka 39, aliugua kwenye nyumba ya mapumziko ya familia katika kisiwa cha Campobello, upande wa Kanada wa mpaka. Mkewe, Eleanor, alimwandikia kaka wa kambo wa mumewe akieleza kwamba mwanzoni ilionekana kuwa ni baridi tu, kisha yakaja maumivu ya mgongo na miguu yaliyomfanya amwite daktari. Daktari wa jirani alidhani ni mafua. Daktari wa pili, mpasuaji mashuhuri William Keen, alisema ni damu iliyoganda chini ya uti wa mgongo, akaagiza miguu ikandwe, baadaye akabadili maoni, na akatuma ankara ya dola 600. Eleanor na msaidizi wao walikanda miguu ile siku kadhaa, kazi iliyomtesa mgonjwa bila faida. Tarehe 25 Agosti ndipo Robert Lovett, bingwa kutoka Boston, alipotamka kwamba ni polio na kuamuru kukanda kukome.

Katika muda wa wiki mbili ugonjwa mmoja ulipewa majina yasiyopungua matatu, ndani ya nyumba iliyojua polio ni nini. Miaka mitano kabla, polio ilikuwa imewapata watu wapatao 27,000 nchini Marekani na kuua 6,000 hivi, na Roosevelt mwenyewe, wakati huo akiwa naibu waziri anayeshughulikia Jeshi la Wanamaji, aliwaacha watoto wake Campobello mpaka hatari ilipopungua, kisha akatuma meli ya serikali kwenda kuwachukua. Ikiwa familia kama hiyo ilibaki na jina lisilo sahihi kwa siku kumi na zaidi, mtafiti hana sababu ya kuamini kila jina aliloandika mke wa mkulima aliyemwona daktari mara moja tu.

Familia nyingine ya Ikulu inaonyesha upande wa pili, yaani ugonjwa uliotambuliwa sawasawa lakini usio na tiba. Mwishoni mwa Juni mwaka 1924, Calvin, mwana wa Rais Coolidge, kijana wa miaka 16, alicheza tenisi akiwa amevaa viatu bila soksi na akapata lengelenge kwenye kidole cha mguu. Vijidudu viliingia katika damu. Tarehe 4 Julai baba alimwandikia babu wa kijana huyo kwamba mtoto ni mgonjwa sana na kwamba anapata kila kilichowezekana kitabibu. Alifariki tarehe 7 Julai. Miaka 12 baadaye, mwaka 1936, Franklin Roosevelt mdogo, mwana wa Rais Roosevelt, alipata maambukizi makali ya koo na uso, akapewa dawa mpya ya jamii ya salfa na akapona. Vifo vingi vinavyotajwa katika shajara za miaka ya 1900, kutokana na kidole kilichochomwa na mwiba, jino lililooza au uzazi uliofuatwa na homa, ni vya aina ya kifo cha Calvin Coolidge mdogo.

Sasa tutazame chupa. Kabla ya mwaka 1906 hakuna sheria ya taifa iliyomlazimisha mtengenezaji kuonyesha kilichomo ndani ya dawa yake, na magazeti yaliishi kwa matangazo ya dawa hizo. Mrs. Winslow's Soothing Syrup, aliyopewa mtoto anayeota meno, ilikuwa na mofini. Kampuni ya Bayer ilianza kuuza heroini kama dawa ya kikohozi mwaka 1898. Lydia E. Pinkham's Vegetable Compound, iliyotengenezwa Lynn, Massachusetts, kwa ajili ya matatizo ya wanawake, ilikuwa na pombe ya asilimia 18 hivi, na ilinywewa na wanawake wengi ambao wasingethubutu kuonekana na glasi ya mvinyo. Sheria ya Chakula na Dawa ya mwaka 1906 haikuzipiga marufuku. Iliagiza tu kwamba pombe, afyuni, mofini, kokeini na vinginevyo vitajwe kwenye lebo. Udhibiti wa mihadarati ulikuja kwa Sheria ya Harrison ya mwaka 1914. Ni muhimu kuangalia tarehe: jina lilelile la dawa katika barua ya mwaka 1903 na ya mwaka 1918 huenda linataja vitu viwili tofauti kabisa.

Kando ya chupa zilikuwapo dawa za nyumbani: mafuta ya mbarika, kafuri, bandiko la haradali, na kalomeli, ambayo ni chumvi ya zebaki iliyoharisha watu na kuwalegeza meno. Katika majimbo ya Kusini na milima ya Appalachia watoto walifungwa shingoni kifuko cha mvuje ili kuzuia maradhi, na msomaji wa Unguja au Lamu, ambako mvuje umetumika vizazi na vizazi kumkinga mtoto, hatahitaji kuelezwa harufu yake. Mafuta ya karafuu yalitumika kutuliza maumivu ya meno, wakati ambapo Unguja na Pemba ndizo zilizotoa sehemu kubwa ya karafuu ya dunia.

Tusiwadharau walionunua chupa hizo. Lydia Pinkham aliwaalika wanawake wamwandikie, akiahidi kwamba barua zao hazitasomwa na mwanamume. Wakaandika kwa wingi, wakaeleza hedhi zenye maumivu, kuharibika kwa mimba na uchovu usiokwisha, mambo ambayo hawakuweza kumtamkia daktari. Pinkham alifariki mwaka 1883, lakini kampuni iliendelea kuwaalika wanawake na kuwajibu kana kwamba yu hai, mpaka mwaka 1905 gazeti la wanawake la Ladies' Home Journal lilipochapisha picha ya kaburi lake. Udanganyifu huo unaudhi. Hata hivyo mahitaji yaliyoandikwa katika barua zile yalikuwa ya kweli, na hayakuwa na pengine pa kwenda.

Mahali pa kwenda palipatikana mwaka 1912, serikali ya Marekani ilipounda Ofisi ya Watoto na kumweka Julia Lathrop kuiongoza. Mwaka 1914 ofisi hiyo ilitoa kijitabu cha malezi ya mtoto mchanga kilichoandikwa na Mary Mills West, mama mjane wa watoto watano, na akina mama wakaanza kuandika kwa maelfu. Mwaka 1916 mwanamke mmoja wa Wyoming, mjamzito wa mtoto wa tatu, aliandika kwamba alikuwa maili 65 kutoka kwa daktari na kwamba alijawa na hofu kwa yaliyokuwa mbele yake. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Karibu watoto wote walizaliwa nyumbani, na katika kila uzazi 1,000 walikufa akina mama sita au zaidi. Watoto 100 hivi kati ya kila 1,000 hawakufikisha mwaka mmoja katika kipindi hicho. Ofisi ilijibu barua, na baadhi ya watumishi walituma msaada kutoka mifukoni mwao. Ushauri wenyewe haukuwa mzuri wote. Kijitabu kilimtaka mama anyonyeshe kwa kufuata saa na asimbembeleze mtoto kupita kiasi, na barua nyingine zinaonyesha mama akihangaika kwa sababu mwanawe hafuati ratiba ya serikali. Nadhani hakuna nyaraka za kipindi hiki zinazogusa kuliko hizi.

Kwa kuwa kuponya kulishindikana, mamlaka za afya zilielekeza nguvu kwenye kutenga. Bango lilibandikwa mlangoni palipokuwa na dondakoo, ndui au homa ya vipele vyekundu. Baba aliyekuwa kazini alilala kwingine kwa wiki kadhaa, na barua ndizo zilizopita kati ya ndani na nje. Aliyebeba mzigo mzito kuliko wote alikuwa Mary Mallon, mpishi mzaliwa wa Ireland, aliyekamatwa New York mwaka 1907 kwa sababu alibeba vijidudu vya homa ya matumbo bila yeye mwenyewe kuugua. Barua yake ya mwaka 1909, iliyoandikwa kwa mkono kutoka kisiwa cha North Brother, inalalamika kwamba amefanywa kitu cha kutazamwa na kila mtu, kwamba alipewa dawa ambayo ingemuua laiti angeendelea kuitumia, na kwamba walitaka kumpasua kibofu cha nyongo naye akakataa. Aliachiwa mwaka 1910 kwa ahadi ya kutopika tena, akapatikana akipika hospitalini mwaka 1915, na akazuiliwa hadi alipofariki mwaka 1938. Maabara ilikuwa na haki kuhusu vijidudu. Naye alikuwa na haki ya kuuliza kwa nini mtu asiyeugua, asiyeweza kuponywa, afungwe maisha.

Homa ya matumbo ilipungua katika shajara muda mrefu kabla ya kupatikana antibayotiki ya kuitibu, ambayo ilifika mwaka 1948. Kilichoipunguza ni maji. Jersey City ilianza kutia klorini katika maji ya mji mwaka 1908, na miji mingine ikafuata. Mwaka huohuo Chicago iliagiza maziwa yapashwe moto ili kuua vijidudu. Hakuna aliyeandika katika shajara yake kwamba leo mtoto hakuugua kwa sababu ya klorini, kwa hiyo mafanikio makubwa kuliko yote ya kipindi kile yanaonekana tu kama ukimya wa kurasa za Julai na Agosti.

Mwaka 1918 ukimya huo ulivunjika. Barua inayojulikana sana ya mlipuko wa mafua iliandikwa tarehe 29 Septemba na daktari wa kambi ya jeshi ya Devens, Massachusetts, aliyetia saini ya jina moja tu, Roy, kwenda kwa daktari mwenzake. Anaeleza kwamba askari walianza na kitu kilichofanana na mafua ya kawaida, kisha saa chache baada ya kulazwa wakatokwa na madoa ya hudhurungi mashavuni, rangi ya bluu ikaenea kutoka masikioni, na kifo kikafuata. Walikufa wapatao 100 kwa siku, majeneza yakaisha, na treni maalumu zikawekwa kubeba maiti. Huyu alikuwa tabibu aliyefunzwa, na barua yake haitaji dawa iliyosaidia. Wamarekani 675,000 hivi walikufa katika mlipuko ule, wengi wao wakiwa vijana, na katika shajara za nyumbani unaona kinyume cha desturi: bibi anaugua kidogo na kupona, wakati binti wa miaka 25 aliyekuwa akimuuguza ndiye anayezikwa.

Kusini kulikuwa na maradhi ambayo familia hazikuyahesabu kuwa maradhi. Watu walijieleza kuwa wachovu, na watu wa nje wakawaita wavivu, hadi tume iliyofadhiliwa na tajiri wa mafuta, Rockefeller, ilipopita katika majimbo 11 kati ya 1909 na 1914 na kukuta minyoo ya safura katika miili ya watu wengi sana. Pelagra, iliyochubua ngozi, kuharisha na kuvuruga akili, ilidhaniwa kuwa ya kuambukiza. Joseph Goldberger, aliyetumwa na serikali mwaka 1914, alionyesha kwamba iliwapata waliokula unga wa mahindi, mafuta ya nguruwe na asali ya miwa peke yake, na barua zake kwa mkewe, Mary, zinafuatilia kazi hiyo alipokuwa safarini. Mwaka 1916 alijidunga damu ya wagonjwa, na mkewe akakubali kudungwa pia, ili kuthibitisha kwamba haiambukizi. Hapa tiba ilikuwa chakula bora, na kilichowazuia watu kuipata kilikuwa umaskini wa mashamba ya pamba.

Hilo linagusa jambo ambalo lazima lisemwe bila kuzungukwa. Tiba chache zilizokuwapo hazikumfikia kila mtu. Mwaka 1899, W. E. B. Du Bois, msomi mweusi mashuhuri, alimpoteza mwanawe wa kwanza kwa dondakoo jijini Atlanta, miaka kadhaa baada ya antitoksini kuanza kutumika, na waandishi wa maisha yake husimulia jinsi alivyohangaika kumtafuta daktari mweusi katika jiji ambalo madaktari weupe hawakuwatibu watoto weusi. Familia za watu weusi wa Kusini ziliwategemea wakunga wao na majirani, na mengi ya waliyoyajua yalipita kwa mdomo. Nyaraka zilizohifadhiwa kwenye maktaba kubwa zinaelemea upande wa waliojua kuandika, waliokuwa na nyumba ya kudumu ya kuwekea sanduku la barua, na ambao wajukuu wao waliona zinafaa kutunzwa.

Hata hao waliandika kwa kuficha. Mimba hutajwa kwa mafumbo hadi siku mtoto anapozaliwa. Kifua kikuu, kilichoweza kuvunja uchumba au kumkosesha mtu chumba cha kupanga, huitwa udhaifu wa kifua, na safari ya kwenda Colorado au Saranac Lake, walikokwenda wagonjwa wa kifua kikuu, huitwa mapumziko. Kaswende haitajwi kabisa. Msomaji makini huyatambua mambo hayo kwa vitu vya pembeni, kama ankara ya daktari isiyo na maelezo au mwezi mzima bila barua.

Mtu angedhani kwamba hati za vifo zinatosha kujaza mapengo hayo. Mwaka 1900, hata hivyo, ni majimbo 10 tu pamoja na mji mkuu yaliyokuwa katika eneo la taifa la kuandikisha vifo; uandikishaji wa vizazi wa namna hiyo ulianza mwaka 1915, nao pia kwa majimbo 10 na mji mkuu, na ni mwaka 1933 ndipo nchi yote ilipoingia katika mpango huo. Kwa mtoto aliyezaliwa na kufa mashambani kabla ya hapo, mara nyingi hakuna karatasi nyingine isipokuwa mstari katika shajara ya mama au katika Biblia ya familia. Serikali yenyewe ilikubali hivyo: baada ya sheria ya hifadhi ya jamii ya mwaka 1935, wazee wasio na cheti cha kuzaliwa waliruhusiwa kuthibitisha umri wao kwa kurasa hizo za Biblia.